Busanza: Kusoma Maandishi ya Kifaransa Katika Kidani cha Bibi

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Kigali kuelekea mashariki hupita Remera, hufika Giporoso, kisha huuona uwanja wa ndege wa Kanombe ukiwa umetandazwa juu ya kilima kama mkeka, kwenye kimo cha karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jirani na uwanja huo ndipo ilipo Busanza, mojawapo ya kata nne za Kanombe katika wilaya ya Kicukiro. Tatu nyingine ni Kabeza, Karama na Rubirizi. Udongo wa hapo ni mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hata ndani ya masanduku yaliyofungwa. Ndege ikishuka, wazee waliokaa barazani hunyamaza kidogo, kisha huendelea na maneno yao pale pale walipoyaachia.

Upande huu wa mji unajulikana sana na watu wa majeshi. Kambi ya Kanombe iko huku, na Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda iko huku. Huku pia ipo ile nyumba ya zamani ya Rais ambayo ndege iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili 1994 iliangukia penye ua wake. Tangu mwaka 2018 nyumba hiyo imekuwa makumbusho ya sanaa. Kwa hiyo si ajabu kuwasikia watu wa Kanombe wakichanganya Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza katika mazungumzo ya saa moja, maana kila lugha ililetwa na zama zake, na kila zama ziliacha watu wake.

Busanza yenyewe imebadilika mno katika miaka ya karibuni. Palipokuwa na migomba na mashamba ya maharage, sasa yapo majumba ya ghorofa. Familia nyingi zilihamishiwa hapo kutoka mitaa ya Kangondo na Kibiraro, upande wa Nyarutarama, baada ya mabishano marefu juu ya fidia, na uhamisho huo uliendelea hadi mwaka 2022. Nao watu wengine walikuja kwa hiari yao, wakanunua viwanja na kujenga. Ama kwa kuhamishwa ama kwa kupenda, wote hao walipitia jambo moja: walifunga mizigo. Na kila mwenye kufunga mizigo hukutana na vitu ambavyo havijaguswa kwa miaka mingi.

MASANDUKU YAFUNGULIWAPO

Chini ya sanduku la mzee wa Kinyarwanda hukutwa mambo ya namna mbili. Kwanza ni mapambo ya asili: shanga, vikuku vya shaba viitwavyo imiringa, na pengine ubutega, yaani pete za nyasi zilizosokotwa ambazo wanawake wa zamani walizivaa miguuni. Mapambo hayo hayana herufi hata moja. Pili ni mapambo yaliyoletwa kutoka ng'ambo: pete ya ndoa, mkufu mwembamba, msalaba, au kidani kidogo cha mviringo. Haya mara nyingi yana maandishi, na maandishi yenyewe, kwa kuwa Rwanda ilitawaliwa na Wabelgiji tangu mwaka 1916 hadi uhuru wa 1 Julai 1962, huwa ya Kifaransa.

Hapo ndipo taabu huanzia. Aliyekivaa kitu hicho amekwisha kufariki, au macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Wajukuu wana macho makali, lakini Kifaransa hawakijui. Wakati huo huo yupo jirani asemaye kwamba huko mjini dhahabu ya zamani inanunuliwa kwa bei nzuri. Basi kitu hutiwa katika karatasi, hupelekwa kwa mnunuzi, hupimwa kwenye mizani, na kabla ya jua kutua kimekwisha yeyushwa. Uzito ulilipwa, lakini maandishi hakuna aliyeyasoma.

Msomaji na achukue mfano wa nyumba moja tu ya Busanza, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote. Baba ni askari polisi, mama ni mshonaji, na bibi mzaa baba anakaa pamoja nao. Sanduku la bibi limefunguliwa, na ndani yake kimepatikana kidani cha umbo la yai, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, cheusi kwa uzee. Mtoto wa darasa la sita anakiinua dirishani na kupiga ukelele, "Baba, kimeandikwa 1830!" Nyumba nzima inasimama. Kitu cha mwaka 1830! Baba anaanza kupiga hesabu ya mabati, na mama anaanza kupiga hesabu ya karo.

Je, wana haki ya kufurahi? Jibu limo katika kidani chenyewe, mradi kisomwe kwa utaratibu.

KAZI YA KWANZA: KUTOHARIBU

Mtu mwenye haraka hukisugua kidani kwa majivu au mchanga ili king'ae. Hilo ni kosa kubwa. Majivu na mchanga hula metali, na herufi ambazo kina chake hakifiki unene wa unywele hufutika daima. Inatosha kutumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, na mswaki laini wa mtoto, kisha kukausha kwa kitambaa cha pamba. Weusi uliobaki ndani ya herufi usiondolewe, kwani huo ndio wino wake.

Baada ya hapo kidani kilazwe juu ya kitambaa cheusi, na taa iwekwe ubavuni, si juu yake. Nuru ikipita kwa upande, kila mkwaruzo hutupa kivuli, na herufi iliyokuwa haionekani husimama. Askari aliyewahi kutafuta nyayo asubuhi, jua likiwa bado liko chini, anaijua siri hii bila kufundishwa. Aliye na kioo cha kukuza na akitumie. Asiye nacho apige picha kwa simu na kuikuza. Njia ya wazee pia ni nzuri: karatasi nyembamba hulazwa juu ya maandishi na kusuguliwa polepole kwa ubavu wa penseli laini, mpaka herufi zitokeze nyeupe katikati ya weusi.

Kisha kila herufi iandikwe kama ilivyo, bila kukisia neno. Pasiposomeka, iwekwe nukta. Kukisia mapema ni adui wa kusoma, maana jicho likishaamini neno fulani, halitaki tena kuona jingine.

MANENO KUMI NA MATATU

Katika kidani cha mfano wetu, maandishi yanazunguka ukingo. Yanaanzia chini upande wa kushoto, yanapanda, yanapita juu, na kuishia chini upande wa kulia. Katikati yupo mwanamke aliyesimama juu ya tufe, amekanyaga nyoka, na miale inatoka mikononi mwake. Chini ya miguu yake ndipo ulipo ule mwaka 1830. Herufi zikikusanywa, hupatikana hivi:

O MARIE CONCUE SANS PECHE PRIEZ POUR NOUS QUI AVONS RECOURS A VOUS

Ni maneno 13, yote kwa herufi kubwa, na hapa pana mtego wa kwanza wa Kifaransa cha kwenye metali. Wachongaji wengi waliacha alama ambazo Kifaransa huziweka juu na chini ya herufi. Neno PECHE bila alama zake laweza kuwa mambo matatu: dhambi, uvuvi, au tunda la pichi. Mtoto akiyaingiza maandishi hayo katika simu ili yatafsiriwe, asistaajabu akiletewa habari za samaki. Maneno jirani ndiyo yanayoamua. Sans ni "bila", na conçue ni "aliyetungwa mimba". Hapo uvuvi hauna nafasi, na linalobaki ni dhambi.

Mtego wa pili ni neno recours. Wengine hulisoma kama secours, yaani msaada, kwa kuwa yanafanana. Kumbe avoir recours à ni kumkimbilia mtu wakati wa shida. Na priez ni amri ya heshima, kama mtu anavyomwambia mkubwa wake "mtuombee" badala ya kumwamuru kama mwenzake. Kwa hiyo sentensi nzima yasema: Ee Maria, uliyetungwa mimba bila dhambi, utuombee sisi tunaokukimbilia.

Wakatoliki watakuwa wamekwisha kuitambua. Hiyo ni medali iitwayo ya Miujiza, na sala hiyo huisali hadi leo katika Kiswahili na Kinyarwanda. Lakini hata asiye Mkatoliki anafaidika kujua habari zake, kwa sababu ni miongoni mwa vidani vyenye maandishi ya Kifaransa vilivyoenea sana duniani.

MWAKA 1830 UNASEMA NINI?

Sasa turudi kwenye hesabu ya mabati. Mwaka 1830 hapakuwa na mji wa Kigali. Mji huo ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Mzungu wa kwanza kuingia nchini, Oscar Baumann, alifika mwaka 1892. Mapadre wa kwanza, wale wa shirika la White Fathers wakiongozwa na Askofu Hirth, walifungua misheni ya Save mwezi Februari 1900. Na shirika lao lenyewe lilianzishwa na Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Basi kidani hiki kingefikaje Rwanda mwaka 1830?

Ukweli ni kwamba mwaka huo si mwaka wa kutengenezwa. Mwaka 1830, katika nyumba ya watawa ya Rue du Bac mjini Paris, sista kijana aitwaye Catherine Labouré alieleza kwamba alitokewa na Bikira Maria, akaonyeshwa mfano wa medali. Sonara Adrien Vachette alizifua za kwanza mwaka 1832, mwaka ambao Paris ilikumbwa na kipindupindu, na watu walizigombania. Kanisa lilimtangaza Catherine kuwa mtakatifu mwaka 1947. Tangu hapo mwanzo hadi leo, medali hizo zinapofuliwa huwekwa mwaka ule ule 1830, kama vile bendera ya kikosi inavyoandikwa mwaka wa vita vya zamani ingawa kitambaa chake kilishonwa juzi.

Nyuma ya kidani pana herufi M yenye msalaba juu yake, mioyo miwili chini, na nyota 12 pembezoni. Hapo hapana neno la kusoma, lakini alama hizo huthibitisha kwamba upande wa mbele ulisomwa sawasawa.

Ipo njia nyingine ya kukadiria umri, nayo ni kukipima kidani kiganjani. Kikiwa chepesi mno na rangi yake ni ya kijivu, huenda ni alumini. Alumini ilikuwa adimu na ghali hadi mwaka 1886, ilipopatikana njia ya kuitoa kwa umeme. Kidani cha alumini hakiwezi kuwa cha watu wa kawaida wa mwaka 1830. Na kama ukingoni pamechapwa neno FRANCE au ITALY peke yake, mara nyingi hiyo ni dalili ya bidhaa ya karne ya 20 iliyotengenezwa ili kusafirishwa nje.

Hapo nyumba ya Busanza itakuwa imepoteza mabati. Lakini imepata jambo jingine. Katika miaka ya 1930 ubatizo ulienea Rwanda kwa kasi kubwa, na mwaka 1943 Mfalme Mutara wa 3 Rudahigwa mwenyewe alibatizwa. Kidani cha namna hiyo, katika sanduku la mwanamke aliyekuwa msichana katika miaka hiyo au muda mfupi baadaye, chaelekea kuwa kumbukumbu ya siku aliyopewa jina jipya. Bibi akiulizwa, "Bibi, nani alikuvika?" huenda akasimulia habari ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza.

ALAMA NDOGO KULIKO HERUFI

Mbali na maneno, pete na mikufu huwa na chapa ndogo sana, ambazo kazi yake ni kueleza metali. Kwa kitu kilichotengenezwa Ufaransa, kichwa cha tai ni chapa ya dhahabu, nayo hutumika tangu mwaka 1838. Vitu vidogo vya fedha vilipigwa kichwa cha nguruwe mwitu katika ofisi ya ukaguzi ya Paris, na kaa katika ofisi za mikoani. Chapa ya umbo la almasi yenye herufi mbili tatu ndani yake ni ya fundi, wala si jina la mwenye pete.

Namba nazo zina lugha yake. 750 ni dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu halisi. 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Namba 800 au 925 ni za fedha. Lakini maneno PLAQUÉ OR yana maana kwamba dhahabu imepakwa juu tu, na MÉTAL ARGENTÉ ni metali iliyopakwa fedha. DÉPOSÉ si jina la mtu wala la mji. Maana yake ni kwamba umbo la kitu hicho limeandikishwa kisheria lisiigwe. Mwenye kuyajua haya machache hatadanganywa kirahisi dukani, wala yeye hatamdanganya mwenziwe bila kukusudia.

Watu wengine walitoboa sarafu na kuzivaa. Sarafu ya faranga 2 ya mwaka 1943 ina pembe sita na picha ya tembo, imeandikwa BANQUE DU CONGO BELGE, na rangi yake yafanana na dhahabu. Si dhahabu, ni shaba ya njano. Upande wa pili wa maneno hayo yapo mengine, BANK VAN BELGISCH CONGO, ambayo msomaji wa Kifaransa hatayapata katika kamusi yake. Hayo ni ya Kiholanzi, kwa sababu Ubelgiji ina lugha zaidi ya moja na vitu vyake vya serikali huandikwa hivyo. Neno likikataa kuwa Kifaransa, lisilazimishwe.

PETE YA NDOA NA TAREHE ZAKE

Maandishi yenye thamani kubwa kuliko yote kwa familia huwa ndani ya pete, upande unaogusa ngozi. Desturi ya Wafaransa na Wabelgiji ni kuandika humo majina na tarehe ya ndoa, na Wakristo wengi wa Rwanda waliifuata. Herufi moja tu, À, hubeba maana yote. Pete iliyoandikwa jina la mume, kisha À, kisha jina la mke, husema "kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu". Basi mvaaji ni yule wa pili. Anayeisoma kinyume atampa marehemu babu pete iliyokuwa ya bibi, na pengine ugomvi wa urithi utatokea hapo.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Wafaransa hutanguliza siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Katika vitu vya zamani zaidi miezi ilifupishwa kwa namna ya kupotosha: 7bre si mwezi wa saba bali ni Septemba, 8bre ni Oktoba, 9bre ni Novemba, na Xbre ni Desemba. Asili yake ni hesabu ya Kirumi, ambayo ilianza mwaka kwa mwezi Machi.

Yako maneno mengine machache ambayo mama wa nyumbani aweza kuyakata na kuyabandika ndani ya kabati. Souvenir ni kumbukumbu. Baptême ni ubatizo. Première Communion ni komunyo ya kwanza. Noces d'argent ni jubilei ya miaka 25 ya ndoa. À ma mère ni "kwa mama yangu". Née, likitangulia jina, huonyesha jina la ukoo alilozaliwa nalo mwanamke kabla ya kuolewa. Vve ni kifupi cha veuve, yaani mjane. N.D. ni Notre-Dame, na Ste ni mtakatifu wa kike.

MACHO YA MJUKUU NA KUMBUKUMBU YA MZEE

Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Mwaka uliotangulia nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2017 Kiswahili nacho kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kwa hiyo katika nyumba moja ya Busanza baba aliyesoma kabla ya hapo anaweza kuwa na Kifaransa cha shule, mtoto ana Kiingereza, na wote wawili wana Kiswahili cha sokoni na kambini.

Lakini Kifaransa hakijatoka katika vinywa vya watu, kwani kimejificha ndani ya Kinyarwanda chenyewe. Rozari huitwa ishapule, neno litokalo katika chapelet la Kifaransa. Mtoto adhaniaye kwamba hajui hata neno moja la Kifaransa hulitamka hilo kila amsikiapo bibi akisali. Akionyeshwa hivyo, hupata ujasiri wa kuyasoma maneno mengine.

Kwa hiyo kazi ya kusoma kidani haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mtoto atoe macho na simu, baba atoe Kifaransa chake cha zamani, na bibi atoe habari. Mara nyingi bibi mwenyewe hakuwahi kuyasoma maneno aliyoyavaa shingoni miaka yote, maana alifundishwa dini kwa Kinyarwanda. Siku anapotafsiriwa maneno ya kidani chake na mjukuu wake, ni siku njema katika nyumba hiyo.

PASIPOBAKI NENO JINGINE

Kuna sababu nzito zaidi ya kutopeleka kitu kwa mnunuzi kabla hakijasomwa. Katika wilaya hiyo hiyo ya Kicukiro, tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO ambamo watu walikuwa wamekimbilia. Zaidi ya watu 2,000 walichukuliwa kutoka huko, wakapelekwa Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Kusini zaidi, katika kanisa la Nyamata, ambalo mwaka 2023 liliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, zimehifadhiwa nguo, rozari na vitambulisho vya waliouawa humo.

Nyumba nyingi zilichomwa pamoja na picha, vyeti na barua. Familia iliyokuwa na watu 12 huenda leo ina mmoja, naye hana karatasi hata moja yenye jina la mama yake. Kwa mtu kama huyo, pete yenye majina mawili na tarehe si pambo tena. Huenda ni maandishi pekee duniani yasemayo kwamba watu hao walikuwako, walipendana, na walioana siku fulani. Hakuna mizani ya sonara iwezayo kulipima neno hilo.

Askari na polisi wana wajibu wao hapa. Miji ya Rwanda ingali ikijengwa, na misingi ya nyumba ingali ikichimbwa. Mwaka 2018 makaburi ya halaiki yaligunduliwa Kabuga, mashariki ya Kigali, miaka 24 baada ya mauaji. Mchimbaji akiona pete, msalaba au kidani penye mifupa, asikitie mfukoni na asikiondoe mahali pake. Asimamishe jembe na kuwaita viongozi wa mtaa au polisi. Na polisi atakayekipokea asikisugue wala asikirushe ndani ya bahasha pamoja na funguo na misumari. Jina lililomo ndani laweza kumrudishia mtu mama yake, naye akapata mahali pa kuweka ua.

DAFTARI LA NYUMBANI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la vitu vya urithi halihitaji gharama. Kila kitu kipewe ukurasa wake. Maandishi yanakiliwe herufi kwa herufi, kama yalivyo, na tafsiri yake iandikwe chini yake. Chapa zichorwe hata kama maana yake haijajulikana. Uzito na rangi viandikwe. Kisha, na hili ndilo kubwa, yaandikwe maneno ya mzee: alikipata wapi, nani alimpa, nani alikivaa kabla yake, na angependa kimwendee nani. Tarehe ya mazungumzo iwekwe, na jina la aliyeandika.

Akikwama kusoma, mtu aweza kumwendea padre au sista mzee wa parokia iliyo karibu, au mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa Kifaransa. Watu hao bado wako wengi, lakini hawatakuwako daima. Apeleke karatasi ya penseli au picha, na kitu chenyewe akiache nyumbani mahali pa salama.

Na ikiwa baada ya yote familia itakubaliana kuuza, kwa sababu karo ni karo na ugonjwa ni ugonjwa, hakuna wa kuwalaumu. Watakwenda dukani wakijua wanauza nini: kama ni karati 18 au shaba ya njano, kama ni cha mwaka 1830 au cha miaka mia moja baadaye. Watapata bei ya haki. Na kitu kikishaondoka, daftari litabaki kabatini, na mtoto atakayezaliwa Busanza mwaka kesho ataweza kuyasoma yale maneno 13 na kujua ni shingo ya nani iliyoyabeba.